Sura ya Sita: Tope Lizaalo, Chumvi Ilindayo

Anayechimba kisima Sikonge, mkoani Tabora, hukutana kwanza na udongo wa kichanga, kisha kokoto, kisha mwamba mgumu unaogoma kuingilika. Mwamba huo kwa sehemu kubwa ni granaiti. Ni kipande cha kiini cha kale cha bara hili, ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Uliganda kutoka kwenye mawe yaliyoyeyuka, chini sana ardhini, katika zama ambazo dunia haikuwa na samaki, mti wala jani. Mvua, jua na mizizi ya miombo vimeumomonyoa taratibu hadi ukatoa udongo ambamo wakulima wa leo hupanda tumbaku na karanga.

Juu ya mwamba huo maisha yanategemea mafuta kama kwingineko. Malori yanayoteremka kutoka Tabora kupitia Ipole na Rungwa kuelekea Mbeya, bodaboda zinazopeleka wagonjwa hospitalini, mashine za kusaga za vijijini: vyote vinaendeshwa na petroli na dizeli iliyosafishwa ng'ambo na kushushwa bandarini. Ndiyo maana swali moja haliishi vijiweni. Waganda wamepata mafuta Hoima. Waomani walipata zamani. Je, sisi chini yetu hakuna?

Kulijibu swali hilo kwa haki kunataka tujue mafuta ghafi ni kitu gani, yalitokana na nini, na kwa nini katika nchi nyingi yamekutwa yamejibanza ubavuni mwa milima ya chumvi iliyozama ardhini.

Chumvi yenyewe si ngeni katika historia ya Unyamwezi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilipita Uvinza, pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Hapo maji ya chumvi hububujika yenyewe kutoka ardhini. Watu waliyachemsha vyunguni hadi yakakauka, wakaifunga chumvi mizigo mizigo na kuiuza mbali. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Uvinza mwaka 1967 walionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imeshaanza katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke kuingia Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857.

Chumvi ya Uvinza ilijenga soko, ikatajirisha watemi, lakini mafuta hayakuandamana nayo. Kumbe palipo na chumvi si lazima pawe na mafuta. Hii ndiyo hoja ambayo sura hii itaifuata hadi mwisho: chumvi haizai mafuta. Mafuta huzaliwa na tope lenye mabaki ya viumbe. Chumvi kazi yake ni kuyalinda, kuyapindisha njia na kuyaachia alama.

Nta ya nyuki na namba witiri

Tuanze na kitu ambacho Sikonge inakifahamu kuliko wilaya nyingi za Tanzania. Mrina asali akishakamua masega hubaki na nta. Takriban sehemu moja kati ya saba ya nta hiyo ni haidrokaboni tupu, yaani minyororo ya kaboni iliyozungukwa na hidrojeni bila kitu kingine chochote. Molekuli za aina hiyo hiyo ndizo zinazojaza mafuta ghafi.

Mafuta ghafi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa maelfu ya molekuli tofauti. Kwa uzito, kaboni huchukua kati ya asilimia 83 na 87, na hidrojeni kati ya asilimia 10 na 14. Kinachobaki ni salfa, naitrojeni, oksijeni na chembe za metali, hasa nikeli na vanadi. Wakemia huzigawa molekuli hizo katika koo. Kuna parafini, ambazo ni minyororo iliyonyooka au yenye matawi. Kuna nafteni, ambazo minyororo yake imejifunga ikawa pete. Kuna aromatiki, ambazo pete zake zina vifungo vya namna ya pekee na harufu kali. Mwisho kuna molekuli kubwa nzito zinazotupa lami ya barabara.

Urefu wa mnyororo ndio unaoamua matumizi. Wenye kaboni moja ni gesi ya methani. Wenye kaboni kama 5 hadi 12 huingia kwenye petroli. Mafuta ya taa na dizeli huchukua mirefu zaidi. Ukizidi 20, mafuta huanza kuganda, na hapo ndipo tunapata nta ya mishumaa ya dukani.

Sasa turudi kwa nyuki. Minyororo ya haidrokaboni katika nta yake kwa wingi ina kaboni 27, 29 au 31. Zote ni namba witiri. Nta inayong'arisha majani ya miti nayo iko hivyo hivyo. Sababu ni kwamba kiumbe hai huunda asidi za mafuta kwa kuunganisha kaboni mbilimbili, hivyo asidi hizo huwa na idadi shufwa. Akitaka kuzigeuza haidrokaboni, hukata kaboni moja ya mwisho. Shufwa ukitoa moja, unabaki na witiri.

Mabaki ya viumbe yakizikwa, tabia hiyo ya witiri huzikwa nayo. Joto la ardhini linapoanza kuikata minyororo ovyo ovyo, wingi wa witiri hupungua kidogo kidogo hadi witiri na shufwa zikakaribiana. Kwa kuhesabu minyororo, mkemia wa petroli anaweza kusema kama mafuta yaliiva vizuri au yalitoka machanga. Kuna mafuta mengine ambayo minyororo ya shufwa huwa mingi kuliko ya witiri. Hiyo mara nyingi ni dalili ya tope lililolala chini ya maji yenye chumvi kali na chokaa nyingi.

Ushahidi mwingine ulitolewa katika miaka ya 1930 na mkemia Mjerumani, Alfred Treibs. Ndani ya mafuta ghafi alikuta molekuli zenye pete kubwa zinazofanana na moyo wa klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Tofauti ilikuwa moja: katikati ya pete, mahali pa magnesi, palikuwa na vanadi au nikeli. Pete ya namna hiyo huundwa na kiumbe hai. Tangu hapo, anayedai kwamba mafuta hayahusiani na uhai anadaiwa maelezo ya jinsi klorofili ilivyofika humo.

Tope linavyoiva

Wengi hufikiri mafuta yalitoka kwa wanyama wakubwa wa kale waliofukiwa. Sivyo. Sehemu kubwa ilitoka kwa viumbe wasioonekana kwa macho: mwani mdogo sana, bakteria na vijidudu vinavyoelea majini. Hufa kila siku kwa mabilioni na kuzama. Kwa kawaida hawafiki mbali, kwani oksijeni ya majini huwawezesha bakteria wengine kuwala wakaisha. Lakini pale ambapo maji ya chini hayana oksijeni, mabaki hujikusanya na kuchanganyika na tope laini jeusi.

Tope hilo likifunikwa na mchanga na tope jingine kwa mamilioni ya miaka, huzama, hukamuliwa maji na kugeuka mwamba. Mabaki ya viumbe ndani yake huwa kerojeni, kitu kigumu kisichoyeyuka. Kadiri unavyoshuka ardhini joto huongezeka, kwa kawaida nyuzi za Selsiasi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kati ya nyuzi kama 60 na 120, kerojeni hukatikakatika na kutoa mafuta. Kina chake mara nyingi ni kilomita 2 hadi 4. Joto likizidi nyuzi 150, mafuta yenyewe hukatika yakawa gesi. Mwamba uliobeba tope hilo huitwa mwamba mama.

Mafuta yakishatoka hayatulii. Ni mepesi kuliko maji yaliyojaa kwenye miamba, kwa hiyo hupanda kupitia vitundu na nyufa. Yasipozuiwa hufika juu, bakteria hula molekuli nyepesi, na kinachobaki ni lami. Mambo hayo yapo Tanzania. Wingayongo, karibu na Rufiji, kuna mawe ya mchanga yaliyolowa lami. Tundaua, kisiwani Pemba, mafuta huvuja hadi juu ya ardhi. Uvujaji huo unathibitisha kwamba mwamba mama upo mahali fulani chini. Hauthibitishi kwamba kuna hazina iliyobaki.

Ili hazina ibaki, mambo manne yakutane: mwamba mama, joto la kutosha, mwamba wenye vitundu vya kuyahifadhi mafuta, na mfuniko usiopitisha kitu, uliokaa kwa umbo la kuyanasa. Likikosekana moja, hakuna kisima. Katika jambo hilo la nne chumvi haina mpinzani.

Mwamba unaotambaa

Chumvi ya ardhini ilianza kama maji ya bahari. Ghuba ikikatwa na bahari kuu katika nchi ya jua kali, maji huvukizwa. Kwanza huganda chokaa, kisha jasi maji yakibaki kama moja ya tano, kisha chumvi ya mezani yakibaki kama moja ya kumi. Kina cha mita 1,000 za maji ya bahari kikikauka chote huacha takriban mita 15 tu za chumvi. Kwa hiyo tukikuta tabaka la mamia ya mita tunajua kwamba bahari iliingia na kukauka tena na tena.

Maji ya ghuba kama hiyo yana faida nyingine kwa habari yetu. Maji mazito ya chumvi hukaa chini, mepesi hukaa juu, na hayachanganyiki. Oksijeni haifiki chini. Mwani wachache wanaostahimili chumvi hustawi kwa wingi kwa sababu walaji wao hawaiwezi hali hiyo. Wakifa, huhifadhiwa. Kwa maana hiyo tope la mafuta na chumvi huweza kulelewa katika ghuba moja. Ndiyo maana watu huwachanganya mlezi na mzazi.

Miamba mingine ikifukiwa huzidi kukazana na kuwa mizito. Chumvi haikazani. Uzito wake hubaki karibu gramu 2.2 kwa sentimita moja ya ujazo, hata ikifukiwa kilomita nyingi. Ikishapita kina cha kilomita moja na kitu, mawe ya juu yake huwa mazito kuliko yenyewe. Zaidi ya hapo, chumvi ikikandamizwa kwa muda mrefu hutambaa ikiwa bado ni mwamba mgumu. Hutafuta mahali penye unafuu na kujipenyeza, kama donge la unga linavyopenya kati ya vidole vya mkandaji. Mwendo wake ni wa milimita chache kwa mwaka au pungufu, lakini miaka milioni 10 si haba. Nguzo ya chumvi huinuka, hutoboa matabaka ya juu, huyakunja kingo zake kwenda juu na kutengeneza kuba.

Hapo ndipo mafuta yanaponaswa. Yakipanda kwa mteremko wa tabaka la mchanga hufika ubavuni mwa kuba, hukuta ukuta wa chumvi usio na vitundu, na husimama. Mengine hujikusanya juu ya kuba, ambako matabaka yameinuka kama paa. Chumvi pia hupitisha joto mara mbili hadi tatu zaidi ya mawe ya tope. Huchukua joto la chini na kulipeleka juu, hivyo miamba iliyo chini ya chumvi hubaki na ubaridi kiasi na kuchelewa kuiva, na iliyo juu ya kuba huiva mapema. Mtafiti asiyelijua hilo hukosea hesabu ya lini mafuta yalitoka.

Dunia iliyatambua makuba haya kwa kishindo tarehe 10 Januari 1901, karibu na mji wa Beaumont, Texas. Pattillo Higgins alikuwa ameshikilia kwa miaka kwamba kilima cha Spindletop, kilichonuka kiberiti, kilikuwa na mafuta chini yake. Anthony Lucas, aliyekuwa na uzoefu wa chumvi ya Louisiana, ndiye aliyechoronga. Katika kina cha zaidi ya mita 300 mafuta yaliruka hewani na kumwagika kwa siku tisa, mapipa yanayokadiriwa kufika 100,000 kwa siku, kabla hayajadhibitiwa.

Kiberiti kile cha Spindletop kina maelezo yake. Maji ya ardhini yakigusa kilele cha chumvi huiyeyusha na kuacha kofia ya anhaidraiti, ndugu mkavu wa jasi, iliyojaa salfeti. Bakteria wanaoishi bila oksijeni hula mafuta yanayovuja, na badala ya oksijeni hutumia salfeti hiyo. Hutoa chokaa na gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka mayai viza, ambayo baadaye hugeuka salfa safi ya njano. Harufu juu ya kilima ilikuwa habari ya karamu iliyokuwa ikiendelea chini.

Kutoka Unyanyembe hadi jangwa la Oman

Kuba la chumvi lililo karibu zaidi na historia ya Tabora haliko Texas. Liko Oman. Karne ya 19, wafanyabiashara wenye asili ya Oman walijenga nyumba zao Unyanyembe, wakinunua pembe za ndovu na, kwa aibu ya biashara ile, watu pia. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, alikaa huko na kuoa katika ukoo wa mtemi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliokulia Afrika Mashariki walihamia Maskati. Walikuwa wamesoma, na nchi ilihitaji wasomi. Wengi waliingia wizarani, hospitalini na katika kampuni ya mafuta, na Kiswahili kikasikika maofisini.

Mafuta yaliyowapa kazi hayakupatikana kwa urahisi. Kisima cha kwanza cha Fahud, kilichochorongwa 1956 na 1957, kilitoka kikavu, na baadhi ya wabia wakajitoa. Mwaka 1964 Fahud ilipatikana kuwa na mafuta tele, na kile kisima cha kwanza kilikuwa kimeikosa hazina kwa umbali wa mita mia chache tu, ng'ambo ya ufa. Meli ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka bandari ya Mina al Fahal Julai 1967.

Katikati ya Oman, katika bonde la chumvi la Ghaba, makuba sita yametoboa ardhi yakatokeza juu ya jangwa. Miongoni mwao ni Qarat Kibrit, Qarn Sahmah na Qarat al Milh. Chumvi yake ni ya kundi la miamba liitwalo Ara, na umri wake ni takriban miaka milioni 540 hadi 547. Iliganda wakati bahari za dunia zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kupata wanyama. Chumvi hiyo ilipopanda ilibeba mabapa ya mawe ya chokaa kutoka kilomita kadhaa chini, na mawe hayo yakivunjwa hunuka mafuta. Mwanajiolojia anayasoma juani bila kuchoronga hata mita moja.

Kusini zaidi, mabapa kama hayo bado yamo ndani ya chumvi, yamefungwa pande zote. Mengine ni mwamba mama na hifadhi kwa pamoja: mafuta yalizaliwa humo, yakakosa pa kutokea, yakakaa. Shinikizo lake huwa kubwa mno, kwa sababu uzito wote wa juu unakamua chumba kisicho na mlango. Mengi ya mafuta ya Oman, hata yaliyokutwa katika miamba michanga zaidi, yamefuatiliwa kwa alama zake za kikemia hadi kwenye mawe ya Huqf, kundi kubwa ambalo Ara ni sehemu yake. Katika mawe hayo hayo, mwaka 2009 watafiti walitangaza kupata mabaki ya steroli, molekuli za jamii ya mafuta, za aina ambayo leo hutengenezwa na sponji wa baharini, katika matabaka ya zaidi ya miaka milioni 635. Kama tafsiri yao ni sahihi, hiyo ni miongoni mwa dalili za kale kabisa za wanyama duniani.

Oman pia imetufundisha kwamba mlinzi huyu naye ana kikomo. Katika baadhi ya visima vya kusini chumvi ilikutwa nyeusi, imelowa mafuta. Shinikizo la mafuta lilipokaribia nguvu inayoibana chumvi, chembe za chumvi ziliachana kidogo, mafuta yakapenya, shinikizo likashuka, na chumvi ikajifunga tena.

Alama ya chumvi, alama ya ziwa

Sasa tulinganishe na Uganda, maana hapo kemia inaonekana wazi. Katika ghuba za chumvi na chokaa hakuna mito mikubwa inayoleta udongo, hivyo chuma ni haba. Bakteria wakigeuza salfeti kuwa salfidi, salfidi hiyo haikuti chuma cha kushikana nacho. Hujishika na mabaki ya viumbe yenyewe. Kerojeni huwa na salfa nyingi, na kwa kuwa vifungo vya salfa ni dhaifu, huanza kutoa mafuta mapema, mafuta mazito na yenye kiberiti kingi. Chini zaidi, joto likizidi, anhaidraiti na mafuta huweza kupambana moja kwa moja na kuzalisha gesi ile ya mayai viza. Visima vya Harweel, kusini mwa Oman, vina gesi hiyo, na kiasi kidogo hewani kinatosha kuua.

Ziwa Albert ni kinyume chake. Hapo tope lilikuwa la maji baridi, mito ilileta udongo na chuma, na mwani wa ziwani ulikuwa na mafuta mengi ya minyororo mirefu. Matokeo yake ni mafuta ghafi yenye salfa kidogo sana na nta nyingi. Kibiro, kando ya ziwa hilo, wanawake wamechuja chumvi kutoka kwenye udongo wa chemchemi za moto kwa karne nyingi, na hapo hapo karibu mafuta huvuja. Mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika habari za mafuta ya Uganda mwaka 1925, kisima cha Waki kikachorongwa 1938, na hazina ya kibiashara ikapatikana 2006. Chumvi ya Kibiro si kuba. Inapandishwa na maji ya moto kupitia ufa ule ule wa Bonde la Ufa unaopitisha mafuta. Wawili hao wanatumia njia moja, lakini si mama na mwana.

Nta ile ndiyo iliyoleta habari hii hadi mkoani Tabora. Mafuta ya Hoima yakipoa huganda, kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 linaloelekea Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa moto ili yabaki karibu nyuzi 50. Mabomba yake yalipelekwa kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kuvalishwa kinga ya kutunza joto. Kilichojenga kiwanda hicho, ukifuatilia hadi mwanzo, ni mwani wa ziwa la kale.

Granaiti, Mandawa na Wembere

Wapo waliokataa habari ya tope. Thomas Gold, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alishikilia kwamba haidrokaboni hupanda kutoka tumboni mwa dunia, na kwamba hata granaiti ingezitoa ikipasuka vya kutosha. Katika miaka ya 1980 Wasweden waliipa hoja yake nafasi. Walichoronga zaidi ya kilomita 6 katika granaiti ya Siljan, iliyopasuliwa na kimondo zaidi ya miaka milioni 370 iliyopita. Walipata tope jeusi kidogo, na mabishano kwamba mafuta yake yalitoka kwenye vimiminika vya uchorongaji. Hazina hawakupata. Kama Gold angekuwa sahihi, Unyamwezi yote ingekuwa nchi ya mafuta.

Tanzania ina chumvi ya kufukiwa kweli, lakini iko Mandawa, mkoani Lindi. Iliganda bara kuu la kale la Gondwana lilipoanza kupasuka na bahari kuingia kwenye ufa, enzi za Triasi na mwanzo wa Jurasi. BP na Shell walichoronga huko katika miaka ya 1950 na kukuta matabaka manene ya chumvi na anhaidraiti, pamoja na mawe ya tope meusi yenye mabaki ya viumbe. Ukanda wa pwani na bahari yake umetupa gesi: Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, na kina kirefu cha bahari kuanzia 2010. Mafuta ghafi ya kibiashara bado.

Kwa mkoa wa Tabora, mahali pa kutazama ni Igunga. Bonde la Wembere linaingia katika kitalu cha Eyasi-Wembere, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likifanya utafiti. Kinachotafutwa huko ni tope la ziwa la kale, kwa mfano wa Ziwa Albert. Chumvi inayoonekana kando ya Ziwa Eyasi imekaushwa na jua la zama hizi; haiwezi kulinda kitu kilicho kilomita mbili chini.

Basi msomaji wa Sikonge, au wa kijiji chochote, akisikia tetesi kwamba shamba fulani lina mafuta, aulize maswali kwa mpangilio. Tope lenye uhai liko wapi? Lilifukiwa kina gani? Mafuta yamehifadhiwa katika mwamba upi? Nani ameyafunika? Na akiona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya mbugani, auguse kwa kijiti. Utando ukivunjika vipande kama kioo na usiungane tena, ni kazi ya bakteria wa chuma. Ukizunguka kijiti na kuungana, huenda ni mafuta, na aliyemwaga dizeli aulizwe kabla ya mwanajiolojia kuitwa.

Kwa Sikonge swali la kwanza linatosha. Granaiti yake iliganda kutoka kwenye moto, haikutuama kutoka majini, na haina mwamba mama. Anayeuza kiwanja huko kwa bei ya mafuta anamwibia mnunuzi. Utajiri wa ardhi ile ni miombo, asali na nta, na huo hauhitaji kuchorongwa.